Kiwanja au Fedha za Uzeeni?



Usiku mmoja tulipokuwa katika darsa tukisoma mlango wa biashara, alisimama ndugu mmoja wa Ukunda, mwenye umri wa miaka 51, akaomba ruhusa ya kuuliza. Alisema ya kwamba amefanya kazi katika hoteli ya Diani kwa miaka 24, na sasa kazi imekwisha. Katika mfuko wa uzeeni wa kazini kwake ana shilingi 960,000, na kwa kuwa umri wake umepita miaka 50, kanuni za mfuko zamruhusu kuzichukua. Dalali amemletea kiwanja cha hamsini kwa mia, upande wa Mwabungo, kwa shilingi 800,000. Yeye akitaka, mkewe hakitaki. Je, sharia yasemaje, na akili yasemaje?

Nilimwomba anipe muda wa juma moja. Baadhi ya waliohudhuria walishangaa, kwani kwetu sisi watu wa pwani jawabu la suala hili hutolewa kabla suala halijakwisha: "Nunua ardhi, ardhi haiozi." Lakini mtu anapoleta jasho la miaka 24 mbele yako, si halali kumjibu kwa msemo. Haya ndiyo niliyoyakusanya katika juma lile, na nimeyaandika hapa kwa kuwa nadhani wenye suala hili ni wengi kuliko waliosimama kuuliza.

Kwanza tuondoe shaka moja. Wako wanaodhani kwamba kujiwekea akiba ya uzeeni ni upungufu wa kumtegemea Mwenyezi Mungu. Hilo si kweli. Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, aliwaongoza watu wa Misri kuweka chakula cha miaka saba ya neema kwa ajili ya miaka saba ya dhiki, na hakuna aliyesema kwamba tawakali yake ilipungua. Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimkataza Saad bin Abi Waqqas kutoa sadaka zaidi ya thuluthi ya mali yake, akamweleza kwamba kuwaacha warithi wake katika hali ya kujitosha ni bora kuliko kuwaacha wakinyosha mikono kwa watu. Basi akiba ni jambo jema. Khitilafu iko katika kuchagua chombo cha kuiwekea.

Sasa tuitazame fedha yenyewe ya uzeeni, kwani wengi wetu twaidharau bila ya kuijua. Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, ambao watu wote wauita NSSF, uliundwa mwaka 1965. Kwa miaka mingi mchango wake uliishia shilingi 200 kwa mwezi kutoka kwa mfanyakazi na 200 kutoka kwa tajiri wake. Fanyeni hisabu: shilingi 400 kwa mwezi ni 4,800 kwa mwaka, na kwa miaka 20 ni shilingi 96,000 kabla ya ziada. Mzee aliyetumika ujana wake wote akapewa kiasi hicho, kisha akamwona jirani yake aliyenunua kipande cha pori amekiuza kwa mamilioni, hana lawama akiwaambia wanawe kwamba mfuko ni mchezo wa watoto. Dharau yetu ilikuwa na sababu.

Lakini sababu hiyo imebadilika. Sheria mpya ilitungwa mwaka 2013, ikashikwa mahakamani miaka mingi, ikaanza kutumika mwaka 2023. Siku hizi mfanyakazi hukatwa asilimia 6 ya mshahara wake, mpaka kiwango cha juu kilichowekwa, na tajiri hutoa mfano wake. Mwenye mshahara wa shilingi 25,000 hukatwa 1,500, na tajiri huongeza 1,500. Kwa mwezi ni 3,000, kwa mwaka 36,000, kwa miaka kumi 360,000, ijapokuwa mshahara haukupanda hata shilingi moja na ziada haikuhisabiwa. Na lililo muhimu ni hili: kila shilingi unayotoa wewe, siku ile ile hupata mwenziwe. Mimi sijaona kiwanja, hata cha ufuoni, ambacho ukikilipia nusu ya bei hujiwa na mtu akakulipia nusu iliyobaki. Kwa hivyo kijana aliye kazini anayemwomba tajiri wake amlipe mkononi bila ya kumwandikisha katika mfuko, ati apate cha kununulia kiwanja, huyo anaitupa nusu ya haki yake baharini kwa mkono wake mwenyewe.

Tena fedha hizi zina sifa ambayo watu huiona ni aibu, nami naiona ni rehema: hazishikiki upesi. Mzee mwenye hati ya kiwanja ndani ya sanduku hana usingizi. Leo mwana ataka kwenda kazini Arabuni na wakala ataka fedha. Kesho mjomba ana mgonjwa. Kesho kutwa kuna arusi. Kila mmoja ana dharura ya kweli, na kila mmoja aitazama hati ile. Nimewaona wazee wa Msambweni waliouza kwa njia hiyo, kidogo kidogo, mpaka wamebaki na ukumbi. Fedha zilizofungwa na sheria hazina wa kuzililia.

Litakuja suala la riba, na ni haki kuulizwa. Mifuko ya uzeeni hapa Kenya huweka sehemu kubwa ya fedha zake katika hati za deni za serikali, na hizo huzaa riba. Nyengine huwekwa katika majumba, katika ardhi na katika hisa za makampuni. Mfanyakazi anayekatwa kwa lazima ya sheria hana dhambi ya kukatwa, na alichokitoa yeye na alichokitoa tajiri wake ni ujira wake wa halali. Juu ya ziada wanavyuoni wa zama hizi wamekhitalifiana. Na aliye na hadhari aitake hisabu yake, ajue mtaji ni kiasi gani na ziada ni kiasi gani, na ile sehemu anayoijua kuwa ni ya riba aitoe kwa maslaha ya watu wala asiihisabu kuwa ni sadaka. Ama mchango wa hiari, huo hauna udhuru wa lazima. Alhamdulillahi, siku hizi iko nchini mifuko ya uzeeni inayoendeshwa kwa kufuata sharia, yenye wanavyuoni wa kuikagua. Usitosheke na neno "halali" lililoandikwa juu ya karatasi. Uliza ni wanavyuoni gani, na fedha zimewekwa wapi mwaka huu.

Nasi tusio na tajiri je? Mvuvi wa Gazi, muuza madafu, maalimu wa madrasa? Naandika haya nami nimepita miaka arubaini na sijawahi kukatwa mchango wowote, kwani anayenilipa ni wazazi wa wanafunzi, mara kwa fedha na mara kwa mchele. Kwa watu wa namna yetu ulianzishwa mwaka 2011 mpango ulioitwa Mbao, wa shilingi 20 kwa siku, na NSSF nayo ikaja na mpango wake wa Haba na Haba wa shilingi 25 kwa siku. Kiasi ni kidogo, na swali la riba liko pale pale. Lakini aliyefanya ada ya kutenga shilingi 25 kila jioni amejifundisha jambo ambalo mwenye kungojea laki nane zishuke kwa pamoja hatalijua.

Sasa tuje kwenye ardhi, na hapa nawaombeni mnivumilie, kwani maneno ni mengi.

Sikatai kwamba ardhi ni mali. Shilingi hunyauka, na aliyezificha chini ya godoro miaka 20 iliyopita leo hununulia nusu ya alichokuwa akinunulia, au chini ya nusu. Ardhi hupanda pamoja na bei za vitu, na mara nyengine huzipita. Njia ya Dongo Kundu ilipofunguliwa mwaka 2024, mtu akaweza kufika upande wetu kutoka Bara bila ya kungojea feri ya Likoni, na tangu siku hiyo kila dalali wa Ukunda amekuwa mtabiri. Nyumba ya kukaa mwenyewe ni neema isiyopimwa kwa fedha, na mwenye paa lake hali ya uzeeni mwake si sawa na mpangaji. Hili nalikubali lote.

Lakini msemo kwamba ardhi haiozi hauitimizi khabari. Ardhi haiozi, karatasi yake huoza, na mashahidi wake hufa. Mwaka 1908 serikali ya Kiingereza ilitunga sheria ya kwamba kila mwenye kudai ardhi katika ukanda wa pwani aende akaidai na kuiandikisha, na isiyodaiwa ikahisabiwa kuwa ni ya serikali. Wazee wetu wengi hawakwenda. Walikuwa wakiijua ardhi kwa minazi na miembe, kwa makaburi na kwa majina ya waliofyeka, na hawakuona kwamba mnazi wahitaji shahidi wa karatasi. Baada yao walikuja waliokuwa na karatasi na hawakuwa na mnazi hata mmoja. Mengi ya magomvi yaliyoko hivi leo kutoka Diani mpaka Ramisi na Vanga mizizi yake ni hiyo.

Nitatoa mfano wa nyumbani kwetu. Marehemu baba yangu alinunua shamba dogo la minazi kwa karatasi ya mkono, mbele ya mashahidi wawili waaminifu. Alilipa kwa ukamilifu. Mashahidi wakafa, muuzaji akafa, kisha baba akafa. Watoto wa muuzaji wakasema, nao sidhani kuwa walikusudia uongo, ya kwamba baba yao aliuza minazi na hakuuza ardhi. Kwani kwetu pwani mti waweza kuwa wa huyu na ardhi ya yule, kama ilivyo Mombasa nyumba kuwa ya mtu na kiwanja kuwa cha mwengine. Karatasi ilisema "shamba la minazi" na haikusema zaidi. Tulisuluhishana kwa kuwapa nusu. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 282, kuandika madeni yetu kwa uadilifu na bila ya kuchoka, yawe madogo au makubwa. Na sisi tuliandika, lakini tuliandika kwa uvivu.

Wala msidhani kuwa hati ya serikali yatosha kwa kuitazama. Sheria ya kuandikisha ardhi ya mwaka 2012 yasema kwamba hati iliyopatikana kwa hila au kinyume cha sheria yaweza kubatilishwa. Na mwezi wa Aprili 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya, katika kesi ya kiwanja cha pwani ya Nyali, iliamua kwamba hati ni mwisho wa safari tu. Ikiwa safari yenyewe tangu mwanzo haikuwa ya haki, hati hiyo haimlindi aliyeishika, hata kama aliinunua kwa aliyeinunua kwa mwengine. Kwa hivyo mnunuzi hatosheki kuuliza, "Je, jina lako limo katika hati?" Hana budi kuuliza ardhi hii ilimfikiaje wa kwanza: ilikuwa ya mradi wa makazi, au ya umma, au ya shule, au ya warithi? Aende mwenyewe Kwale katika afisi ya ardhi akafanye sachi, asimtume dalali. Ampeleke mpimaji akahakikishe mawe ya mpaka. Ikiwa ni ardhi ya ukulima, apate idhini ya bodi ya ardhi. Na mke wa muuzaji akubali kwa maandishi. Kisha akikaa nayo asiisahau, kwani sheria ya nchi yampa haki mtu aliyekalia ardhi ya mwenziwe kwa miaka 12 mfululizo bila ya ruhusa wala kuzuiwa. Sharia yetu haimhalalishii dhulma. Mtume ameonya kwamba mwenye kudhulumu shibiri moja ya ardhi atavishwa shingoni mfano wake katika ardhi saba. Lakini onyo hilo halikurudishii kiwanja chako wewe uliye Jidda au Nairobi.

Na kodi ya nyumba, ambayo watu huihisabu kana kwamba ni mvua ya masika? Vyumba vya Ukunda hujazwa na watumishi wa mahoteli. Baada ya vita vya Likoni vya Agosti 1997 wageni walikimbia. Baada ya machafuko ya uchaguzi ya mwisho wa 2007 walikimbia tena. Na mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulizifunga hoteli kabisa. Mara zote hizo mfanyakazi aliacha kazi na chumba siku moja. Huko Maumba na Nguluku kampuni ya madini ya titani ilichimba tangu 2013, na mwisho wa 2024 uchimbaji ukakoma. Waliojenga nyumba za kuwapangisha wafanyakazi wake wanajua ninalolisema. Tena hewa ya chumvi hula mabati na nondo, na fundi hakubali kulipwa kwa matumaini. Serikali nayo ina fungu lake: ushuru wa stempu wa asilimia 4 katika miji na 2 mashambani unaponunua, asilimia 7.5 ya kodi ya nyumba ya kukaa ikiwa mapato ya mwaka yamefika shilingi 288,000, na asilimia 15 ya faida unapouza. Malipo ya uzeeni kwa aliyefika umri wake yamesamehewa kodi tangu mwisho wa 2024. Zaka pia yatafautiana: nyumba ya kupangisha haitolewi zaka ya thamani yake, bali ya kodi uliyoiweka mpaka ikafika nisabu na kupitiwa na mwaka, ama kiwanja ulichokinunua kwa nia ya kukiuza hicho ni bidhaa, na kila mwaka chatolewa zaka ya thamani yake, asilimia mbili na nusu. Wangapi wetu tuna viwanja vya namna hiyo na hatujatoa?

Linabaki jambo la mirathi, na kwangu mimi hili ndilo kubwa kuliko yote.

Mtu afapo na kiwanja au nyumba, mali yake huingia katika tirka, na kadhi huigawa kwa mafungu ya Sura ya An-Nisaa. Huko Udigoni zamani mali ilifuata upande wa mama, mpwa akamrithi mjomba, na mpaka leo iko miji ambamo ada na sharia zavutana juu ya mkorosho mmoja. Lakini kwa uchache njia yajulikana. Taabu ya nyumba ni kuwa haikatiki. Warithi watano hawawezi kugawana ukuta, basi huiacha. Mmoja hufa kabla haijagawiwa, watoto wake wakaingia. Na baada ya miaka 30 nyumba ya vyumba sita ina warithi arubaini, na hati bado ina jina la babu.

Fedha za uzeeni zina ubaya wa namna nyengine, usioonekana. Sheria ya mifuko yasema kwamba malipo ya aliyekufa hayaingii katika mali yake ya urithi. Hulipwa kwa kufuata kanuni za mfuko na yule aliyeandikwa katika fomu. Hayapiti kwa kadhi. Sasa wazeni mtu aliyeajiriwa akiwa kapera, akamwandika nduguye wa kiume. Kisha akaoa, akazaa, na fomu hakuigusa. Akifa akaacha mke, mama, mwana mmoja wa kiume na binti wawili, na katika mfuko mna shilingi 960,000, haki yao mbele ya Mwenyezi Mungu ni hii: mke thumni, 120,000, mama sudusi, 160,000, zinazobaki ni 680,000, mwana apate 340,000 na kila binti 170,000. Ndugu hana kitu, kwani amezuiwa na mwana. Na karatasi yasema zote ni zake. Akiwa mcha Mungu atajua kwamba ameshika amana na atazigawa. Asipokuwa hivyo, mjane atamshitaki wapi?

Pia ujue aina ya malipo. Mifuko mengine hulipa yote kwa mkupuo. Mengine hutoa thuluthi kwa mkupuo na iliyobaki kidogo kidogo. Na hiyo iliyobaki yaweza kununuliwa pensheni ya maisha kwa kampuni ya bima, nayo aghlabu hufa pamoja nawe, au yaweza kubaki katika mfuko wa kuchota kwa muda usiopungua miaka 10, na ukifa kabla haijakwisha, bakio ni la watu wako. Kwa mtu anayejali mafungu ya mirathi, na anayekimbia muamala wa bima wenye riba na ghari, hii ya pili naiona nyepesi zaidi.

Basi juma lilipokwisha nilimwita yule ndugu, akaja na mkewe, nikawauliza kwanza wanakaa wapi. Wakasema wanakaa katika nyumba ya marehemu baba yake, yeye na ndugu zake watatu, haijagawiwa tangu mwaka 2009. Nikamwambia: "Ndugu yangu, wewe una ardhi tayari. Unataka kutoa laki nane ununue ya mtu usiyemjua, na ya baba yako hujui fungu lako ni lipi. Nenda kwa kadhi kwanza. Huenda kwa sehemu ndogo ya fedha hizi ukawaridhisha ndugu zako wakakuuzia mafungu yao, ukawa na paa lako lisilo na mgeni ndani yake." Fedha nyengine nikamshauri azihamishe zikae katika mfuko unaofuata sharia, achote kwa kiasi, wala asichukue mkopo wa benki wa riba kuongezea chochote. Ninajua kwamba tangu 2020 kanuni zaruhusu kutumia mpaka asilimia 40 ya akiba kununulia nyumba ya kukaa, isizidi shilingi milioni 7. Lakini hiyo ni nyumba, si kiwanja kitupu cha dalali, na yeye nyumba anayo nusu njia.

Hakufurahi. Alisema dalali amempa siku tatu tu. Mkewe akamwomba anionyeshe fomu ya mfuko, akaitoa katika bahasha. Ilikuwa na jina moja, la kaka yake mkubwa, kwa tarehe ya mwaka alioajiriwa. Mkewe na watoto wake wanne hawamo.

Jumatatu walikwenda pamoja kuibadilisha. Ama kiwanja cha Mwabungo, alikwenda Kwale mwenyewe kufanya sachi, na nambari aliyopewa ikaonekana ina jina la mtu mwengine kabisa, tena ina zuio la mahakama. Shauri la nyumba ya baba yao limewekwa kwa kadhi mwezi ujao, na ndugu wawili kati ya watatu wamekwisha kukubali.